Mafaili yanayoharibika ovyo: kumsaka mharibifu kabla ya kurekebisha diski

Faili la Excel lililofunguka jana, leo linagoma. Unaendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, inasahihisha makosa machache, kazi inaendelea. Baada ya siku mbili picha za mteja zinafunguka nusu tu, chini zote kijivu, na chkdsk inakuta makosa mapya mahali pengine kabisa. Hapo wengi hufomati na kupiga Windows upya. Tatizo hurudi, kwa sababu mfumo wa faili haukuwa na kosa. Uliandika kwa usahihi kile ulicholetewa, ila kilikuwa kimeshaharibikia njiani.

Mwongozo huu ni kwa mwenye steshenari pale Ngamiani, Tanga, mhasibu wa ofisi ndogo Chumbageni, mwalimu wa kompyuta na fundi anayeletewa mashine za watu. Tanga ni mji wa pwani. Hewa ina chumvi, masika huleta unyevu unaokaa ndani ya mashine, umeme hukatika bila taarifa, na kompyuta nyingi za mezani ni za mtumba ambazo zimeshatumika miaka kadhaa kwingine. Kila moja ya hayo huharibu data kwa namna yake na kuacha alama yake. Zisome alama hizo kwanza.

Elewa pia chkdsk inafanya nini hasa. Haitengenezi yaliyomo ndani ya mafaili yako. Inatengeneza mpangilio: orodha ya majina, na kumbukumbu ya sehemu zipi za diski ni za faili lipi. Mafaili mawili yakidai sehemu moja, au kipande kikikosa mwenyewe, inakata ili mpangilio ukae sawa, na vipande vinavyobaki inavitupa kwenye folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000. Kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ndiyo mbovu, hali ni mbaya zaidi: chkdsk inasoma orodha nzima iliyo salama, orodha inapotoshwa ndani ya RAM, kisha chkdsk "inairekebisha" na kuandika upotofu juu ya diski iliyokuwa nzima. Ndiyo maana chkdsk hapa iko karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Zuia mashine isijirekebishe

Kompyuta ikiwaka na kuonyesha kwamba inakagua diski, una sekunde chache za kubonyeza kitufe chochote ili iruke ukaguzi. Bonyeza. Ikishaingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

chkntfs /x C: D:

Sasa haitakagua diski hizo yenyewe inapowaka. Kazi ikiisha, chkntfs /d inarudisha utaratibu wa kawaida. Flashi au diski ya nje ikidai kufomatiwa ndipo itumike, bofya Cancel. Usihifadhi chochote kipya kwenye diski yenye matatizo, hata programu ya kurejesha mafaili, kwa kuwa itakalia nafasi ile ile unayotaka kuiokoa. Kama ni SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na kuna mafaili yaliyofutwa, zima haraka: amri ya TRIM huiambia SSD kwamba sehemu za mafaili yaliyofutwa hazihitajiki tena, nayo huzisafisha yenyewe, na baada ya hapo hakuna programu itakayoyarudisha.

Diski ya sumaku inayogonga tik, tik, tik isiwashwe hata mara moja zaidi kwa ajili ya kujaribu. Mweleze mwenyewe waziwazi: "Mwalimu, diski hii tusiiwashe tena mpaka tuamue data zake zina thamani gani." Kila dakika inapozunguka, kichwa kibovu kinaweza kuukwangua uso wa sahani.

Hatua ya 2: Angalia afya ya diski, kisha toa nakala

Pakua CrystalDiskInfo kwenye mashine nyingine, iweke kwenye flashi nzima na uiendeshe kutoka hapo. Kwa kawaida inaonyesha namba ghafi kwa mfumo wa heksadesimali (namba za msingi wa 16, zenye herufi A hadi F), na watu wengi hushtuka bure au hupitwa na hatari. Badilisha: Function, Advanced Feature, Raw Values, 10 [DEC]. Kisha tazama mistari minne tu:

05, sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa.
C5 (197), sekta zinazosubiri kwa kuwa hazisomeki vizuri.
C6 (198), sekta zilizoshindikana kabisa.
C7 (199), makosa ya usafirishaji kwenye kebo.

C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, ichukulie diski hiyo kuwa inakufa. 05 yenye namba ndogo isiyopanda inaweza kuvumilika kwa muda. Inayopanda wiki hadi wiki haivumiliki. C7 ikipanda, diski yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, tutairudia. Namba kubwa za kutisha kwenye 01 na 07 za diski za Seagate ni za kawaida, usizifuate. Kwa SSD za NVMe, mstari wa maana ni Media and Data Integrity Errors, nao unatakiwa kuwa sifuri.

Kama diski iko sawa na folda zinafunguka, nakili kwenda diski nyingine:

robocopy D:\Kazi F:\Kazi /E /R:1 /W:1 /LOG:F:\kopi.txt

Usiache /R:1 na /W:1. Usipoziweka, robocopy hurudia faili moja lililokwama mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, na utakuta asubuhi bado iko pale pale. Mafaili yaliyoshindikana yataandikwa kwenye kopi.txt. Hifadhi orodha hiyo.

Kama C5 au C6 imepanda, achana na kunakili faili moja moja. Washa mashine kwa flashi ya Linux, tambua diski kwa amri ya lsblk (soma ukubwa na jina mara mbili, kwa kuwa kukosea herufi moja hapa ni kufuta diski nzima), kisha chukua taswira ya diski yote (nakala ya sekta kwa sekta ndani ya faili moja) kwenda diski nyingine yenye nafasi zaidi ya ukubwa wa ile mbovu:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Amri ya kwanza inazoa kila kinachosomeka kirahisi bila kung'ang'ania sehemu mbovu. Ya pili inarudi kwenye sehemu zilizobaki na kuzijaribu mara tatu. Faili la diski.map linakumbuka ilipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unaendelea kwa amri ile ile. Baada ya hapo diski mbovu iweke kando, na kila jaribio lifanyike juu ya taswira.

Hatua ya 3: Soma alama ya uharibifu

Hapa ndipo tatizo la ajabu linapoacha kuwa la ajabu, na ndipo mafundi wengi wanaporuka. Chukua faili moja lililoharibika na, ukiweza, nakala yake iliyo nzima: ile iliyotumwa kwa barua pepe, iliyobaki kwenye flashi ya mteja, au kwenye simu.

Kwanza tazama mwanzo wa faili. Ndani ya PowerShell andika:

Format-Hex D:\Kazi\bajeti.xlsx | Select-Object -First 10

Faili la docx au xlsx lililo zima huanza na herufi PK, kwa sababu kwa ndani ni faili la zip. PDF huanza na %PDF. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. Sasa linganisha unachokiona.

Sifuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku ukubwa wa faili ukiwa sahihi. Huyu ni umeme. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, huweka jarida (rekodi ya mabadiliko) la mpangilio wake, si la yaliyomo. Ulipobofya kuhifadhi, jina na ukubwa viliwahi kuandikwa, umeme ukakatika kabla yaliyomo hayajatoka kwenye RAM kwenda diskini. Data hizo hazikuwahi kufika diskini, kwa hiyo hakuna cha kurejesha kutoka sehemu hiyo. Tafuta nakala za muda za Word au Excel badala yake.

Mwanzo mzuri, lakini programu inasema faili limeharibika. Linganisha na nakala nzima:

fc /b D:\Kazi\bajeti.xlsx F:\bajeti-nzima.xlsx

Jibu huja kwa safu tatu: mahali, baiti ya faili la kwanza, baiti ya faili la pili. Ukiona mistari michache iliyotawanyika kama

00012A40: 41 61

tazama tofauti ya namba mbili hizo. 41 na 61 kwa heksadesimali zinatofautiana kwa 20, yaani biti moja tu imegeuka. Ukizilinganisha kwa XOR (kikokotoo cha Windows, hali ya Programmer), jibu la 01, 02, 04, 08, 10, 20, 40 au 80 ni biti moja. Diski inayokufa haiharibu hivi. Hiyo ni karibu kila mara RAM. Na kama tofauti inajirudia kwa thamani ile ile kila mahali, tuhuma inakuwa nzito zaidi.

Ukiona badala yake kipande kizima kimebadilika, baiti 512 au 4096 mfululizo, au wingi wake, tuhumu diski, flashi au mpangilio wa faili. Kipande cha faili jingine ndani ya faili lako, kwa mfano maneno ya barua ndani ya picha, maana yake mafaili mawili yamepewa sehemu moja. Hilo ni kosa la mpangilio, na mara nyingi ni matokeo ya kuchomoa flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32 au exFAT wakati inaandika. Mifumo hiyo miwili haina jarida lolote, kwa hiyo haina pa kurejea ikikatizwa.

Kwenye flashi, mafaili ya kwanza yote mazuri na ya mwisho yote mabovu: flashi feki. Tutaipima.

Mafaili hayaonekani kabisa, zimebaki njia za mkato zenye majina yao: ni virusi, na mafaili yapo yamefichwa tu. Yasafishe kwenye mashine yenye kinga, kisha andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* yatajitokeza. Na kama mafaili yote yamebadilishwa viambishi vya mwisho na kuna ujumbe wa kudai fedha, chomoa waya wa mtandao sasa hivi. Mwongozo huu haukuhusu.

Hatua ya 4: Soma kumbukumbu za Windows

Fungua Event Viewer, Windows Logs, System, chuja kwa makosa na maonyo. Namba 55 ya Ntfs inasema mpangilio umeharibika, lakini haisemi nani kaharibu. Tazama kilichotangulia dakika chache kabla yake. Ikitanguliwa na 41 ya Kernel-Power, mashine ilizimika ghafla. Ikitanguliwa na 7 ya disk, kuna sekta mbovu. Ikitanguliwa na 129 au 153, diski iliombwa data ikachelewa kujibu: kebo, pawa saplai, au diski yenyewe. Ikiwa 55 zinakuja peke yake, bila kitu mbele yake, na alama ya Hatua ya 3 ilikuwa biti moja moja, nenda moja kwa moja kwenye RAM.

Hatua ya 5: Pima sehemu moja moja

Anza na RAM hata kama huiamini sababu hiyo. Diski ina hesabu za kukagua kila sekta inayosomwa, na kebo ya SATA (inayounganisha diski na mazabodi) ina hesabu za kukagua kila kifurushi kinachopita. Vikikosea, mara nyingi vinajua, na vinapiga kelele au vinarudia. RAM ya kompyuta za kawaida haina ukaguzi huo. Ikigeuza biti, inaikabidhi kama ilivyo, na kila anayefuata anaamini. Kwa hiyo uharibifu wa kimyakimya unaohama mahali unaelekeza huko kwanza.

Jaribio la haraka: chukua faili kubwa kuliko RAM ya mashine, tuseme GB 6 kwa mashine ya GB 4, kisha rudia amri hii mara tano:

certutil -hashfile D:\kubwa.iso SHA256

Faili lazima liwe kubwa, la sivyo Windows italisoma kutoka kwenye akiba yake ya muda na hutakuwa umepima diski. Amri hutoa namba ndefu inayotokana na yaliyomo kwenye faili. Namba hiyo ikibadilika hata mara moja bila faili kuguswa, data inapotoshwa njiani wakati wa kusomwa. Namba ikiwa ile ile mara zote lakini si ile ya asili, faili liliandikwa likiwa bovu tangu mwanzo.

Jaribio kamili ni Memtest86+ kutoka kwenye flashi. Iache izunguke usiku kucha, mizunguko minne au zaidi. Kosa moja linatosha kuikataa RAM. Hakuna kiwango cha makosa kinachokubalika. Ikitoa kosa, zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 kumaliza chaji, gusa chuma cha kasha, kisha toa vipande vyote vya RAM. Kwa mji wetu usikimbilie kununua kabla hujasafisha: chumvi na unyevu huacha utando kwenye meno ya dhahabu. Yafute taratibu kwa raba nyeupe safi, kisha kwa kitambaa chenye isopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Vitakasa mikono havifai kwa sababu vingi vina gliserini inayobaki. Rudisha kipande kimoja, pima, badilisha nafasi, pima, kisha kingine. Kosa likifuata kipande, ni RAM. Likibaki kwenye nafasi, ni mazabodi. Kama kuna XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS, izime kabla ya kuhukumu.

RAM ikithibitika mbovu, kila kilichohifadhiwa tangu ilipoanza kuharibika kina shaka, pamoja na nakala za akiba za kipindi hicho. Rudi kwenye nakala ya kabla yake.

Kebo ni rahisi. Andika namba ya C7, ambayo hairudi nyuma kamwe, badilisha kebo ya SATA, nakili GB 50, tazama tena. Imesimama? Kebo ilikuwa mbaya. Inaendelea kupanda? Jaribu tundu jingine la mazabodi. Diski ya nje ichomeke nyuma ya kompyuta, bila kigawanyishi: tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500 tu, na diski nyingi za inchi 2.5 huhitaji zaidi zinapoanza kuzunguka.

Pawa saplai: pima kwa malitimita kwenye plagi ya Molex mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Waya wa njano na mweusi uwe kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Usifungue boksi la pawa saplai lenyewe. Ndani kuna chaji ya hatari hata likiwa limechomolewa. Tazama pia kapasita za mazabodi: zilizovimba kichwani zimekwisha.

Flashi inayotiliwa shaka iondolewe kila kitu kisha ipimwe kwa H2testw, au f3write na f3read kwenye Linux. Programu hujaza flashi yote na kuisoma tena. Ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kuandika tu, kwa hiyo iache. Flashi feki hujitangaza kuwa kubwa huku chipu yake ni ndogo; ikishajaa, data zinazozidi hupotea bila ujumbe wowote wa kosa. Majibu yakisema DATA LOST, irudishe dukani pamoja na picha ya majibu hayo. Isitumiwe kwa kazi ya mtu, hata kwa sehemu yake iliyo nzima.

Hatua ya 6: Sasa rekebisha

Mharibifu ameshaondolewa na nakala ipo. Kwa NTFS, anza na chkdsk D: bila chaguo lolote, inayoangalia tu, kisha chkdsk D: /f. Chaguo la /r husoma kila sekta; diski ya TB 1 iliyo nzima inaweza kuchukua saa tatu au zaidi, na diski inayokufa inaweza kumalizikia humo. Diski yenye C5 iliyopanda usiipe /r. Kama diski imegeuka RAW (Windows haiutambui tena mfumo wake wa faili), tumia TestDisk juu ya taswira: NTFS huweka nakala ya sekta ya kuwashia mwishoni mwa kizigeu (sehemu ya diski iliyogawanywa, kama D:), na TestDisk hujua kuirudisha. PhotoRec iwe ya mwisho, kwa kuwa inarudisha mafaili bila majina yake.

Kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, kizigeu kikiwa hakijapachikwa (hakijafunguliwa kutumika), e2fsck -fn /dev/sdb1 kwanza usome itakachofanya, ndipo e2fsck -f. Kutengeneza NTFS kwa ntfsfix ya Linux hakutoshi; inagusa makosa machache tu na kuiachia Windows kazi iliyobaki.

Kama Windows yenyewe inayumba, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc /scannow. DISM inaweza kupakua mafaili, hakikisha bando lipo.

Hatua ya 7: Ziba mianya

Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida hakuzimi kabisa: sehemu ya mfumo hulazwa diskini pamoja na picha ya jinsi diski ilivyokuwa. Ukiitoa diski hiyo, ukaandika juu yake kwenye mashine nyingine au Linux, kisha ukairudisha, Windows inaamka na picha ya zamani na kuandika juu ya mabadiliko. Mafundi wanaohamisha diski kati ya mashine huharibu data hivi bila kujua. Zima kwa shutdown /s /t 0 kabla ya kufungua kasha, au ondoa kabisa kwa powercfg /h off.

UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inatosha kompyuta moja ya mezani na skrini kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Printa ya leza isichomekwe humo. Stebilaiza si UPS. Haina betri, umeme ukikatika mashine inazimika nayo. Betri ya ndani, kwa kawaida volti 12 ya Ah 7, huchoka mapema kwenye joto letu la Desemba hadi Machi, kwa hiyo kila mwezi chomoa plagi ya UPS ukutani bila faili lolote kufunguliwa uone inakaa muda gani.

Mwisho, weka alama za mafaili yasiyobadilika tena, kama matokeo ya mitihani au hesabu za mwaka uliofungwa:

Get-ChildItem D:\Hifadhi -Recurse -File | Get-FileHash | Export-Csv F:\alama.csv

Rudia baada ya wiki kwa jina jingine la faili, linganisha. Namba ya faili ikiwa imebadilika huku tarehe yake ya kuhaririwa ikiwa ile ile, hakuna mtu aliyeligusa: uharibifu umerudi. Chukua faili hilo na nakala yake nzima, uanze tena kwenye fc /b.